Skripti moja, mashine tatu: kwa nini `sort +2n` hukubalika huku na kugoma kule

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ofisini nimerithi skripti ya kuandaa orodha ya malipo, iliyoandikwa na mzee mmoja aliyekwisha kustaafu. Kwa miaka mingi imekuwa ikiendeshwa kwenye seva ya Solaris bila tatizo. Tulipoihamishia kwenye seva ya CentOS 7, ikagomea mstari wa `sort -t: +2n malipo.txt` na kuniambia `sort: cannot read: +2n: No such file or directory`. Faili la jina hilo halipo na wala sijaliomba! Cha ajabu, nikiiendesha skripti ileile kwenye laptop yangu yenye Ubuntu ya karibuni, inafanya kazi vizuri tu. Seva ndiyo mbovu au mzee alikosea? Na je, niiache hivyohivyo mpaka tupate seva mpya?

Jibu: Marahaba. Seva si mbovu, na mzee hakukosea. Umeshika mashine tatu, na `sort` ya kila moja inafuata toleo lake la kiwango kimoja kiitwacho POSIX, kile kinachoeleza amri za Unix zinapaswa kufanya nini. Mstari wa mzee ulikuwa halali siku ulipoandikwa. Mwaka 2001 ukapigwa marufuku, na mwaka 2008 ukasamehewa nusunusu. CentOS 7 yako imekaa kwenye marufuku, Ubuntu yako imekaa kwenye msamaha, na Solaris haikuwahi kuacha mtindo wa zamani.

Kwanza tuelewane mstari wenyewe unasema nini, maana vijana wengi wanaourithi huubadilisha bila kuusoma. `-t:` inasema safu zimetenganishwa kwa nukta mbili. `n` inasema tupange kwa thamani ya namba, si kwa sura ya herufi. Sasa `+2`: hapo namba haitaji safu, inataja idadi ya safu za kuruka. Ruka mbili, anza kusoma, kwa hiyo unaangukia safu ya tatu. Mtindo huo ulikuwa na mwenzake wa kistari: `+1 -2` maana yake ruka safu moja ndipo uanze, kisha simama safu mbili zinapokuwa zimekwisha, yaani panga kwa safu ya pili peke yake. Ukiushika kwa maana ya kuruka, mtindo huu una mantiki yake. Ukiushika kwa maana ya "safu namba fulani", utakupoteza kila mara.

POSIX ya amri na ganda (shell) ilitolewa mwaka 1992, nayo ndiyo iliyoleta chaguo la `-k`, linalohesabu safu kuanzia moja kama watu wa kawaida wanavyohesabu. Mtindo wa `+2` haukufutwa siku hiyo. Ulibaki ukifanya kazi, ila ukabandikwa alama ya kitu kinachoelekea kuachwa. Mzee wako, kama wengi wa rika lake, aliendelea kuandika alichokizoea, na hakuna mashine iliyomlalamikia.

Marufuku ya 2001 ilikuwa na sababu nzuri. POSIX inataka amri zote zisomeke kwa kanuni moja: chaguo huanza kwa kistari, na kisichoanza kwa kistari ni jina la faili. Kwa kanuni hiyo `+2n` ni jina la faili, basi. Hakuna kinachokuzuia kuunda faili lenye jina `+2n`, na amri isiyoweza kupanga faili halali kwa sababu tu jina lake linaanza na alama ya kujumlisha ina kasoro. Kwa hiyo toleo la 2001 halikuishia kuondoa mtindo wa zamani. Lilidai kabisa kwamba `sort +2n` itafute faili la jina hilo. Ndiyo maana ujumbe uliouona unasikitika kukosa faili usilolijua, badala ya kukuambia kwamba chaguo lako limepitwa na wakati. Kwa macho ya CentOS 7 umeiomba ipange mafaili mawili, `+2n` na `malipo.txt`, na la kwanza halikuonekana.

Kwa maoni yangu walikuwa sahihi kikanuni na wakaumiza watu kiutendaji. Skripti zilizokuwa zimejaa `sort +1` na `tail +10` zilikuwa kila mahali, hata ndani ya zile zinazojenga programu nyingine, na watu wa GNU, watengenezaji wa `sort` iliyomo CentOS na Ubuntu, walipoanza kuitii kanuni mpya vilio vikawa vingi. Toleo la 2008 likalegeza: sasa kila mtengenezaji anaruhusiwa kuchagua, aidha alama ya kujumlisha iwe chaguo la zamani au iwe jina la faili. Matoleo ya miaka ya karibuni ya GNU coreutils, furushi lenye `sort`, `tail`, `uniq` na wenzao, yametumia ruhusa hiyo kurudisha mtindo wa zamani. Laptop yako imo humo. CentOS 7 ina coreutils 8.22, iliyotoka kabla GNU hawajaitumia ruhusa hiyo.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, GNU wameacha mlango wa pembeni. Kuna kigeu cha mazingira (environment variable) kiitwacho `_POSIX2_VERSION`, na thamani zake ni mwaka na mwezi wa kiwango: `199209`, `200112` na `200809`. Kwenye seva yako jaribu hivi:

```
_POSIX2_VERSION=199209 sort -t: +2n malipo.txt
```

Itapanga bila kinyongo. Kisha nenda kwenye laptop na uandike `200112` badala yake: Ubuntu inayokubali kila siku itaanza kulitafuta faili la `+2n`. Programu ileile na faili lilelile, kilichobadilika ni tarehe ya sheria tu.

Kuna kituko kimoja hapo ambacho kimewasumbua wengi. Hata kwenye CentOS 7, ukiandika `sort -t: +1 -2 malipo.txt`, kwa kistari cha mwisho wa safu, inakubali! Waandishi wa GNU waliona kwamba `-2` peke yake haiwezi kuwa kitu kingine chochote chenye maana kwa `sort`, kwa hiyo wakaacha umbo hilo lipite, isipokuwa umeweka kigeu cha `POSIXLY_CORRECT` kinachodai utii mkali. Matokeo yake skripti moja inaweza kuwa na mistari mitatu ya mtindo wa zamani, miwili ikapita na mmoja ukagoma, na fundi akaanza kutafuta mchawi kwenye ule mmoja. Usishangae ukikuta hivyo kwenye skripti ya mzee.

Kuhusu kuiacha ilivyo: hapana. Kigeu kile ni cha kukuvusha wiki hii mishahara isichelewe, na hata hapo kiandike mbele ya amri yenyewe kama nilivyoonyesha. Ukikiweka kwenye `/etc/profile` kitabadilisha tabia ya amri nyingine pia, `tail` ikiwemo, kwa kila mtumiaji wa seva. Utakuwa umetibu jino kwa kupasua goti. Na kungoja seva mpya eti kwa sababu Ubuntu inakubali ni kujenga juu ya hisani, kwa kuwa 2008 ilisema mtengenezaji *anaweza* kukubali, haikusema lazima. Kwa upande mwingine, seva hiyo ina sababu yake ya kuondoka: CentOS 7 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 30 Juni 2024.

Dawa ni kuandika `-k`. Na hapa ndipo ninapotaka ukae macho, kwa sababu kosa la kubadilisha vibaya ni baya kuliko hili ulilonalo. Ulilonalo linapiga kelele, lile linanyamaza.

Tuchukue orodha ya mfano, namba ya mtumishi, jina na kiasi:

```
104:Ng'wandu:9500
87:Ngowi:12000
231:Mushi:9500
```

Mtu mwenye haraka anaona `+2n` na kuandika `-k2n`. Anaendesha, na anapata 9500, 9500, 12000. Anafurahi, anafunga kazi. Lakini hiyo ni bahati mbaya iliyovaa nguo za bahati nzuri. `-k2n` imeiambia `sort` isome *jina* kama namba. Jina halina namba, kwa hiyo kila mstari umepata sifuri, wote wakalingana, na `sort` ikaamua kwa njia yake ya mwisho: kulinganisha mstari mzima kama maandishi. Ikatokea 104, 231, 87, na viasi vikafuatana vyenyewe. Ongeza mtumishi mmoja tu, `45:Kileo:15000`, na pazia linaanguka:

```
104:Ng'wandu:9500
231:Mushi:9500
45:Kileo:15000
87:Ngowi:12000
```

Elfu kumi na tano imekaa juu ya elfu kumi na mbili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Badiliko sahihi ni `-k3n`, kwa sababu zilizorukwa ni safu mbili na wewe unaanzia ya tatu. Ongeza moja kwenye namba ya kujumlisha.

Lakini namba ya kistari usiiongeze. `+1 -2` inakuwa `-k 2,2`, si `-k 2,3`. Mtindo wa zamani ulisema "simama zikiisha mbili", na `-k` inasema "mwisho ni ya pili, nayo imo". Ni mahali palepale. Hapo ndipo hata wazoefu huteleza, kwa kuwa mkono ukishaongeza moja kushoto unatamani kuongeza na kulia. Ikiwa kuna nukta za kutaja herufi ndani ya safu, kama `+1.2 -1.5`, inakuwa `-k 2.3,2.5`. Upande wa mwanzo safu na herufi zote zinaongezwa moja, na upande wa mwisho inaongezwa safu tu, herufi inabaki. Ukikutana na umbo hili kwenye skripti, lifanyie kazi kwenye karatasi kwanza.

Jambo jingine ni koma. `-k2` bila koma haimaanishi safu ya pili. Inamaanisha kuanzia safu ya pili mpaka mwisho wa mstari. Tuseme una watumishi wawili wa jina moja, `231:Mushi:12000` na `12:Mushi:9500`, na unataka wapangwe kwa jina kisha kwa namba ya utumishi. Ukiandika `sort -t: -k2 -k1n`, ufunguo wa kwanza, yaani `-k2`, utalinganisha `Mushi:12000` na `Mushi:9500` kama maandishi, uone 1 inatangulia 9, na uamue kesi kabla ya namba ya utumishi kuulizwa. Wa 231 atakaa juu ya wa 12. Andika `-k2,2 -k1,1n` na mambo yatanyooka. Mtindo wa zamani ulikuwa na ulafi huohuo: `+1` bila `-2` ilikula mpaka mwisho. Kwa hiyo ukikuta mzee aliandika `+1` tupu, badiliko la uaminifu ni `-k2` tupu, hata kama unaona wazi kwamba alitaka `-k2,2`. Badilisha mtindo kwanza, hakikisha matokeo ni yaleyale, kisha siku nyingine rekebisha mantiki. Mwenye kufanya yote mawili kwa mkupuo hajui tofauti imetoka wapi.

Kuhakikisha ni rahisi kwa kuwa kile kigeu kinakupa sheria ya zamani kwenye mashine mpya:

```
_POSIX2_VERSION=199209 sort -t: +2n malipo.txt > kale.txt
sort -t: -k3n malipo.txt > mpya.txt
cmp kale.txt mpya.txt
```

`cmp` ikinyamaza, mafaili ni sawasawa. Tumia orodha halisi ya mwezi mzima, si mistari mitatu, umeona mistari mitatu inavyoweza kudanganya. Na kama una shaka ni sehemu gani ya mstari inayolinganishwa, `sort` ya GNU ina `--debug`, inayokupigia mstari chini ya kila ufunguo. Ningetamani kila mtu aijue kabla ya kuanza kubahatisha.

Kusaka mistari ya zamani kwenye folda nzima, hii itakufikisha mbali:

```
grep -rnE 'sort[^|;]*[[:space:]]\+[0-9]' /njia/ya/skripti
```

Haitaona pale ambapo chaguo limefichwa ndani ya kigeu, kwa mfano `$UFUNGUO`. Hizo utazisoma kwa macho. Ukiwa humohumo, `tail +10` iwe `tail -n +10`, `head -1` iwe `head -n 1`, na `uniq +1` iwe `uniq -s 1`. Zilipitiwa na upepo uleule.

Ningeweza kukuacha hapa, lakini mashine zako mbili zina tofauti nyingine itakayokukuta ukishamaliza hii, nayo pia imetokana na kiwango kilichobadilika. Safari hii ni kiwango cha mpangilio wa herufi, ISO 14651. Maktaba ya glibc, ambayo `sort` huiuliza herufi ipi inatangulia ipi, ilisasishwa kwa toleo jipya la kiwango hicho mwaka 2018 ilipotoka glibc 2.28. CentOS 7 ina glibc 2.17. Ubuntu yako imevuka mpaka. Fanya jaribio hili pande zote mbili:

```
printf '1-1\n11\n' | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort
```

Kwenye CentOS 7 utapata `11` kisha `1-1`. Kwenye Ubuntu, `1-1` kisha `11`. Zamani alama za uandishi zilirukwa kwanza, na siku hizi zinahesabiwa. Kwa majina yetu hilo si jambo la pembeni. Panga ile orodha kwa jina, `sort -t: -k2,2 malipo.txt`, mashine zote zikitumia en_US.UTF-8, yaani mpangilio wa Kiingereza cha Marekani. Kwenye seva, Ngowi atamtangulia Ng'wandu, kwa sababu kidokezo cha *ng'*, ile alama ya ritifaa ('), hakionekani na *o* iko kabla ya *w*. Kwenye laptop Ng'wandu atatangulia, kwa kuwa kidokezo sasa kina uzito, tena mwepesi kuliko herufi zote. Kila mwenye *ng'* kwenye jina atahama kiti.

Orodha ya kubandikwa ukutani haitaua mtu kwa hilo. Tatizo linakuja orodha mbili zinapokutana. `join` na `comm`, amri za kuoanisha na kulinganisha mafaili mawili, zinadai yote mawili yawe yamepangwa kwa sheria moja, na ukipanga moja kwenye seva na jingine kwenye laptop, utaambiwa `file 1 is not in sorted order` au, vibaya zaidi, utakosa watumishi kadhaa kwenye majibu. Wanaotumia hifadhidata ya PostgreSQL walilipata kwa ukubwa wake: faharasa za maandishi zilizojengwa juu ya glibc ya zamani hazikuaminika tena baada ya kuhamia 2.28, mpaka zijengwe upya kwa `REINDEX`. Kama hifadhidata yenu ya malipo nayo inahama, mkumbushe anayeisimamia.

Kwa mafaili yanayosomwa na mashine, mimi huandika `LC_ALL=C` mbele ya kila `sort`, `join` na `comm`. Hapo hulinganishwa baiti kwa baiti, na jibu ni lilelile kwenye CentOS, Ubuntu na hata Solaris ya mzee. Gharama yake ni kwamba herufi kubwa zote hutangulia ndogo, kwa hiyo `mushi` wa herufi ndogo ataangukia chini ya Ngowi. Pia kidokezo kilichopinda, kile ambacho simu na programu za ofisi hupenda kukichomeka zenyewe, si baiti moja na kile kilichonyooka. Ng'wandu wa kidokezo kilichonyooka atakaa juu ya Ngowi, na aliyeandikwa kwa kilichopinda atakaa chini yake. Safisha vidokezo kwanza, ndipo upange.

Kwa orodha za kusomwa na watu, tumia mpangilio wa lugha. `sw_TZ` na `sw_KE` zote zimo kwenye glibc, lakini angalia kwa `locale -a` kama zimewekwa kwenye seva yako. Ukitaja lugha isiyowekwa, `sort` hairudishi kosa, inaangukia kwenye C kimyakimya. Vilevile kazi za cron, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, huanza na mazingira machache, kwa hiyo skripti inaweza kutoa mpangilio mmoja ukiiendesha kwa mkono na mwingine ikijiendesha saa nane usiku. Andika `LC_ALL` ndani ya skripti yenyewe, usitegemee mashine ikuwekee.

Mstari wako, basi, uandike hivi, na uendeshe kwenye mashine zote mbili kabla ya mwisho wa mwezi:

```
LC_ALL=C sort -t: -k3,3n malipo.txt
```

Nimeweka `3,3` badala ya `3` tupu. Kwa namba kwenye safu ya mwisho hakuna tofauti leo, ila siku atakayetokea mtu wa kuongeza safu ya nne yenye idara, na baada yake mwingine wa kuondoa `n`, hutaitwa ofisini Jumamosi.